Wimbo Uliokosa Waitikiaji

Mwamvua Zaidi alikuwa amekwisha kuaga. Na kwao Chemba mtu akiaga kweli watu hujua: kuku amewagawa kwa majirani, vyungu amempa wifi yake, na mlango wa nyumba ameufunga kwa waya badala ya kufuli. Walibaki mbuzi peke yao, na hao nao alimkabidhi mdogo wake Adamu kwa maneno mafupi.

"Jumamosi asubuhi wapeleke mnadani. Wote."

"Hata beberu?"

"Hata beberu."

"Dada, ungebakiza japo jike mmoja..."

"Nikibakiza mmoja nitakuwa na sababu ya kurudi. Sitaki sababu."

Mbuzi wale hakuwapata kwa urithi. Alianza na jike mmoja mwenye chuchu mbovu, mwaka ule kiwanda cha mablanketi cha Dodoma kilipofungwa na wafanyakazi wakaambiwa waende makwao wakasubiri kuitwa. Wengine walisubiri wameketi. Mwamvua alisubiri akichunga, akikamua, akilala na fimbo kwa ajili ya fisi, mpaka jike yule mmoja akawa zizi. Lakini moyoni hakuwahi kuwa mfugaji. Alikuwa mfumaji aliyekuwa akichunga mbuzi kwa muda.

Kwa hiyo neno lilipomfikia hakulipima mara mbili. Lililetwa na dereva wa lori la ng'ombe, kutoka kwa rafiki yake Stara wa Nkuhungu: kiwanda kinafunguliwa, mwekezaji amepatikana. Ijumaa kuna tamasha kubwa la muziki mjini, na mwekezaji huyo ndiye mfadhili. Wafumaji wa zamani watamwimbia, na watakaoimba ndio watakaoandikwa kwanza. Asikose.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1996. Miaka ile neno "mwekezaji" lilitamkwa Dodoma kama watu wa nchi kavu wanavyotamka jina la mvua: kwa sauti ya chini, macho yakitazama juu.

*

Ijumaa asubuhi ua wa Stara ulijaa wanawake. Walikuwa wametoka kila upande: Hombolo, Bahi, Kondoa, wengine mitaa ya mjini hapohapo. Kila aliyeingia alipigiwa vigelegele, akavishwa kanga mpya ya manjano iliyotolewa na mfadhili, akapewa uji. Stara alikuwa akizunguka katikati yao, mrefu, mwenye sauti, hina mikononi. Alikuwa mtoto wa mji hasa. Babu wa babu yake aliingia Dodoma na misafara ya biashara na hakuondoka tena. Ndiye aliyekuwa kiongozi wao wa nyimbo enzi za kiwanda, na ndiye waliyemwamini.

"Wewe mpagazi!" Anastazia alimwita kutoka jikoni. Anastazia alikuwa Mgogo wa Hombolo, mnene, mwenye kucheka na mabega. "Uji wako hauna sukari. Au sukari umeibebea kichwani unaipeleka pwani, kama babu yako na pembe zake?"

"Nyamaza, Mgogo. Babu yangu alipita kwenu na kiu, mkamtoza hongo kwa bakuli la maji ya tope."

"Na leo utalipa hongo tena. Lete sukari!"

Ua ukaangua kicheko. Wale walikuwa watani, Stara wa ukoo wa Kinyamwezi na Anastazia wa Kigogo, na mtani hana adabu wala hasamehewi. Mwamvua, Mrangi kati ya watani wawili, alicheka mpaka kanga ikamtoka begani.

Kisha akaona jambo lililomgusa kuliko vicheko. Kule karibu na tanki la maji, wanawake wawili walikuwa wakizungumza bila kutoa sauti. Midomo ilifunguka wazi, taratibu, vidole vikisaidia. Hata hawakujua kwamba wanafanya hivyo. Yalikuwa mazungumzo ya ukumbi wa kufumia, ambamo mashine zilipiga kelele za kuzima sauti ya binadamu kabisa, na kila msichana aliyeajiriwa alijifunza kwanza kusoma midomo kabla ya kujifunza kufunga uzi. Humo ndani waliposwa, waligombana, walipeana habari za misiba, vyote bila sauti. Kunong'ona tu ndiko kusikowezekana. Ulilomwambia mmoja lilisomwa na kila aliyekutazama.

Huko Chemba Adamu alimkuta mara nyingi dada yake akichezesha midomo nyuma ya mbuzi, akamuuliza kama anaongea na majini. Hapa hakuna aliyemuuliza.

"Anastazia," alimwita, "zabibu zako umezifanyaje?"

"Shamba nimemwambia shemeji alichukue. Jumatatu anang'oa mizabibu, apande alizeti." Anastazia alisema hivyo kama anayetaja nguo ya zamani, lakini alitazama chini. "Mtu hafumi huku anapogoa."

"Na mimi mbuzi wanauzwa kesho."

"Basi sote tumechoma daraja," Anastazia alisema. "Haya, leteni sukari!"

Mwamvua akamgeukia Stara. "Shoga, wimbo ni alasiri. Acha niende mara moja kiwandani nikaione mashine yangu."

Stara alikuwa akimfunga mtu kilemba. Mikono yake ikasimama.

"Usiende. Wanapaka rangi. Hawataki watu."

"Nitachungulia tu."

"Mwamvua, nimesema usiende. Utatuharibia kwa mfadhili wetu."

Lakini ungemwambiaje mtu aliyetembea ndotoni miaka mitano kwenye sakafu ile asiitazame sasa, akiwa na miguu yake yote miwili? Stara alipoingia ndani kutafuta pini, Mwamvua alitoka.

*

Alivuka reli, akaingia upande wa viwanda. Zamani, saa ya kubadilishana zamu, njia ile haikupitika kwa watu na baiskeli. Wauza mihogo walipanga mstari mpaka kwenye tuta. Sasa ilikuwa na mchanga na mbigili. Kiwanda cha mafuta ya alizeti kilikuwa kimebaki matangi, na matangi yenyewe yalikuwa na kutu kiasi cha kuonyesha mbingu upande wa pili. Kwenye kiwanda cha magunia kulikuwa na ukumbi wa video. Picha ya mtu mwenye bunduki ilibandikwa mlangoni palepale walipokuwa wakibandika majina ya wafanyakazi bora. Ofisi ya chama cha wafanyakazi ilikuwa baa. Mwanamke aliyekuwa akifagia mbele yake alimkaribisha supu.

Upepo ulivuma kutoka mjini, na kila ulipovuma ulileta sauti za tamasha: spika zikijaribiwa, gitaa likipigwa nusu likaachwa, mtu akihesabu moja mbili, moja mbili. Ulipotulia, kimya cha viwanda kilirudi.

Lango la kiwanda cha mablanketi lilikuwa limepakwa rangi kweli, kijani kibichi. Mwamvua alifurahi. Stara hakusema uongo. Mlinzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na alipoinua uso akawa ni Mzee Bartolomayo aliyekuwa karani wa zamu.

"Shikamoo, Mzee Bartolomayo."

"Marahaba, mwanangu." Alimtambua, na uso ukamjaa furaha, kisha furaha ikaondoka haraka. "Rudi ulikotoka."

"Hata salamu hujamaliza!"

"Nimemaliza. Za Chemba ni nzuri, mbuzi hawajambo, rudi."

"Nataka kuchungulia tu."

"Amri ni hakuna kuchungulia. Mafundi wanakarabati."

Alipokuwa akisema hivyo, ndani palilia kitu. Mwamvua alikuwa na masikio mabovu, ukumbi uliyaharibu, lakini sauti za chuma alizijua. Chuma kinapofungwa hulia kwa kituo. Hiki kilianguka.

"Mzee, hiyo ni sauti ya kukarabati?"

Bartolomayo alitazama barabara, akatazama viatu vyake. "Mwanangu, mimi nalinda lango tu," alisema.

Mwamvua aliaga kwa heshima, akaondoka. Alipopita kona akazunguka. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na mtaro wa maji ya rangi, na pale mtaro ulipopita chini ya ukuta palikuwa na nafasi ambayo wasichana wa kiwanda waliitumia kutorokea kwa wauza mihogo. Alikuwa msichana mwembamba wakati ule. Aliingia kwa tumbo, kanga mpya ikakwaruzwa, akasimama upande wa pili akiwa na vumbi mpaka nyusi.

Ukumbi wa kufumia haukuwa umefungwa.

Mwanzo macho yake yalikataa. Aliona marobota, marobota ya mitumba yaliyobanwa kwa mikanda ya chuma, yamepangwa mpaka juu karibu na paa. Akapita kati yake kama anayepita sokoni, akitafuta mashine nyuma ya kila rundo. Zilizokuwepo ni alama za mashine tu. Mafuta yalikuwa yamechora kila moja sakafuni kwa umbo lake, mstari baada ya mstari, na katika kila alama misumari minene ilikuwa imekatwa ikabaki visiki vinavyong'aa. Mstari wa tatu, kando ya nguzo, aliona pake. Aliinama akapagusa. Saruji ilikuwa imelika mahali pawili, upana wa nyayo.

Mwisho wa ukumbi watu wanne walikuwa na mtungi wa gesi na moto wa bluu. Mashine ya mwisho ililala ubavu. Waliikata mguu, mguu ukaanguka kwa sauti ileile aliyoisikia langoni, wakautupa juu ya lori lililokuwa limejaa miguu mingine.

"Mama! We mama! Umeingilia wapi?"

Hakukimbia. Hakuona sababu ya kukimbia ndani ya nyumba yake.

Aliyekuja kumkabili alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati jeupe, funguo za gari kidoleni. Wenzake walimwita Bwana Fabian. Ndiye aliyekuwa akimsimamia mwekezaji kazi zake zote za Dodoma.

"Shikamoo, mama," alisema, na adabu yake ndiyo iliyomtisha Mwamvua.

"Marahaba."

"Umepotea?"

"Sijapotea. Hapa ndipo nilipokuwa nasimama."

Fabian aliitazama kanga. "Ah. Kumbe ni mwimbaji wetu."

"Mfumaji. Baba, mnafungua kiwanda gani bila mashine?"

"Mama, dunia imebadilika. Nani atanunua blanketi la hapa wakati robota moja kama hili linavalisha kata nzima? Hili litakuwa ghala. Ghala nalo ni ajira."

"Ajira ya nani?"

"Wapakiaji."

"Wanawake?"

Fabian alitazama saa yake. Mwamvua alisubiri jibu, akaelewa kwamba kutazama saa ndilo jibu.

"Kwa nini mkatuita, basi?" Sauti yake ilikuwa kubwa, wafumaji wote husema kwa sauti kubwa wakisahau. "Watu wameacha mashamba! Watu wameuza!"

"Punguza sauti. Mkataba wa kununua hapa unasema wafanyakazi wa zamani waridhike. Leo wageni wakubwa watawaona mmeridhika, mnacheza. Basi." Alisogea karibu, akashusha sauti kama mtoto anayembembeleza mama yake. "Ukiimba vizuri nitakukumbuka, wallahi. Ukisema neno moja, hata hilo ghala halifunguliwi, na wenzako watajua ni nani aliyewafungia. Panda gari, nikupeleke mwenyewe. Na nitakaa mstari wa mbele kabisa, mama. Nitakuwa nautazama mdomo wako."

*

Uwanja ulikuwa umejaa. Vikundi vilishuka jukwaani na vingine vikapanda: bendi ya vijana wa mjini, wapiga marimba kutoka vijijini, kwaya yenye sare za zambarau. Vumbi lilining'inia juu ya vichwa kama moshi wa jiko. Fabian alimshusha Mwamvua nyuma ya turubai na hakumwacha kwa hatua moja. Stara alikuja mbio.

"Ulikuwa wapi? Tunaitwa sasa hivi!"

Mwamvua alifungua mdomo. Fabian akatabasamu katikati yao.

"Mama alipotea kidogo, nimewaletea. Haya, kina mama, tuwasikie."

Akaenda kuketi mstari wa mbele, chini ya turubai la wageni, kando ya mgeni rasmi.

Wanawake walijipanga nusu duara kama walivyofundishwa tangu enzi za kiwanda: wapiga ngoma wawili pembeni, waitikiaji wamewakabili wageni, na kiongozi mbele yao. Kwa sababu alichelewa, Mwamvua aliwekwa mwisho wa pembe ya kulia. Pembe ya kushoto, ng'ambo kabisa, alisimama Anastazia, kanga yake imekazwa, anang'aa. Stara aliwapa wageni mgongo na wenzake uso, akainua mikono.

"Kilicholala kimeamka!"

"Kimeamka, tunashukuru!"

Watu wakapiga makofi. Ngoma ilikuwa nzuri. Mwamvua aliitikia kwa mazoea. Mbele yake macho ya Fabian hayakupepesa. Kesho asubuhi Adamu atafungua zizi. Jumatatu shemeji wa Anastazia atashika jembe. Wimbo ungeisha, mgeni rasmi angesimama kutangaza kwamba wafumaji wameridhika, watu wangeshangilia, na baada ya hapo nani angemsikia mwanamke mmoja wa Chemba?

Stara hajui, alijiambia. Stara akijua atasimamisha ngoma mwenyewe.

Mdomo wake ulikuwa ukifunguka pamoja na midomo mingine thelathini. Kwa mbali, kwa mtu asiyewahi kusimama katika ukumbi ule, mdomo ni mdomo tu. Kiitikio kilipokuja tena, Mwamvua hakutoa sauti. Aliumba maneno mengine, wazi, taratibu, akimtazama Stara.

"Mashine hakuna. Zimekatwa. Nimeona."

Fabian alikuwa akiutazama mdomo wake, kama alivyoahidi. Aliona mama anaimba. Akatingisha kichwa kwa kuridhika.

Stara aliona. Hakushtuka. Mwamvua alitegemea atashtuka, na kwa kutoshtuka kule alielewa jambo ambalo hakutaka kulielewa. Midomo ya Stara, ambayo wageni hawakuiona, ikajibu haraka, kwa mazoea ya miaka yote ile ya kujibu kabla ya kufikiri:

"Najua. Imba tu. Mimi nimeahidiwa kantini, nitawaombea na nyie."

Alipomaliza ndipo alipokumbuka.

Alikumbuka kwamba alikuwa amewageukia wote. Hakuwa amenong'ona sikioni mwa mtu. Alikuwa amesema mbele ya wafumaji thelathini waliokuwa wakimtazama usoni, kama kiongozi anavyotazamwa. Katika mji ule mzima lilikuwapo kundi moja tu ambalo lisingeweza kufichwa neno lile, na ndilo alilolisemea.

Anastazia alikuwa wa kwanza kufunga mdomo. Kimya kikaanzia kwake kikapita mstarini, mtu baada ya mtu, mpaka kikamfikia Mwamvua.

"Kilicholala kimeamka!" Stara aliita.

Hakuna aliyeitikia.

Mwenye kuita asipoitikiwa ni kama amevuliwa nguo hadharani. Ngoma zililia peke yake, zikasitasita. Kutoka kwa vijana waliokuwa juu ya ukuta kikaja kicheko: "Wamesahau! Wape uji hao!" Mtu akapiga mluzi.

"Kilicholala kimeamka!" Sauti ya Stara ilipasuka.

Anastazia alijifungua kanga ya manjano, akaitandika juu ya mbao za jukwaa, akaketi. Akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, akaweka mikono juu ya mapaja. Aliyekuwa kando yake akaketi. Kisha mwingine. Baada ya muda mfupi mstari wote ulikuwa chini, miguu imenyooshwa, vichwa vimeinama, namna ambayo mwanamke haketi ila amefiwa.

Mluzi ulikoma. Hakuna mtoto wa Dodoma asiyeujua mkao ule. Vijana walishuka ukutani. Wanaume wa karibu walivua kofia bila kuambiwa.

"Ndugu wananchi," mshereheshaji alisema haraka kwenye kipaza sauti, "hii ni sehemu ya igizo! Makofi kwao!"

Makofi hayakuja. Mgambo wawili walipanda ngazi za jukwaa kwa ishara ya Fabian, wakafika kwa Anastazia, wakasimama. Mfiwa hanyanyuliwi kwa rungu. Walitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Bibi mmoja wa Kigogo, aliyekuwa amekaa chini karibu na jukwaa tangu asubuhi, alipanda kwa taabu akishikilia goti. Mgambo wakampisha. Akaketi pembeni mwa Mwamvua, akanyoosha miguu yake myembamba.

"Poleni, wanangu," alisema. "Nani ametutoka?"

Fabian alikuwa amesimama. Alimwangalia Mwamvua, akatikisa kidole kimoja tu, kidogo.

Mwamvua alimwona. Aliona pia kwamba akikaa kimya sasa, msiba ule ungegeuzwa igizo, na mgeni rasmi angetangaza. Akakijaza kifua pumzi. Hakuhitaji kipaza sauti. Sauti yake ililelewa katika kelele.

"Kiwanda, bibi! Wamekikata kwa gesi, miguu iko kwenye lori, nimeiona leo kwa macho yangu. Wametuita tukishangilie. Sisi tumekuja kukizika."

"Uuui," bibi alisema, na akaanza kulia kweli, kilio cha msibani, cha juu. Wanawake wengine katika umati walikipokea kabla ya kujua ni cha nini. Chini ya turubai, mgeni rasmi aliinamisha kichwa akamwuliza jirani yake jambo. Jirani akainua mabega. Hawakutangaza kitu. Nani anatangaza sherehe juu ya kilio?

Stara peke yake alibaki amesimama. Alikuwa bado ameinua mkono mmoja.

"Mpagazi," Anastazia alimwambia kutoka chini, na safari hii mabega yake hayakucheka. "Mzigo wa yule kijana haujakuelemea? Utue, uketi."

Stara aliwatazama mmoja mmoja. Midomo yake ikasogea bila sauti.

"Nitakula nini?"

Wote walisoma. Mwamvua alisogea kando, akamwachia nafasi kwenye mbao. Stara hakuketi, wala hakuondoka. Alisimama pale, kati ya wenzake na wageni, mpaka kikundi kingine kilipoletwa na vyombo vyake.

*

Lori lililompakia Mwamvua lilikuwa likienda Kondoa kuchukua mahindi, na liliharibika njiani. Alifika Chemba jua limekwisha kupanda, akashuka kabla lori halijasimama vizuri, akakata kwa miguu kuelekea mnadani huku kanga ya manjano ameigeuza ndani nje.

Vumbi la mnada lilionekana kabla ya mnada wenyewe. Alipenya kati ya ng'ombe, akasukumwa, akasukuma. Alimwona Adamu kwa mgongo. Mbuzi walikuwa wamezunguka miguu yake, na mchuuzi mwenye koti la mvua alikuwa tayari ameinama, anamshika beberu mbavu, mkono mwingine umenyooshwa kupokea kamba. Pale mnadani maneno si kitu, hata mkishikana mikono. Mnyama ni wako hadi kamba itoke kiganjani mwako.

"Adamu!"

Adamu aligeuka. "Dada? Si ulisema..."

"Hawauzwi."

"Mama," mchuuzi alisema bila kuinuka, "sisi tumekwisha elewana hapa. Usituletee uswahili asubuhi."

"Mmeelewana na nani? Huyo ni mchungaji tu. Mwenye mali ni mimi."

"Kaka, chukua pesa zako nipe kamba, mambo ya wanawake..."

Mwamvua alipita kati yao. Aliishika kamba juu ya mkono wa Adamu, akaizungusha kiganjani mara mbili, akavuta. Beberu akamfuata, na majike wakafuata beberu, na mchuuzi akabaki ameinamia hewa. Wachuuzi wenzake walimcheka. Alitukana, akatema mate, akaenda kutafuta mwingine.

Walitembea mpaka kelele zikabaki nyuma. Adamu alikuwa mtu wa kungoja. Walipofika kwenye njia ya nyumbani akasema tu, "Mlango nimeufungua waya, niliona panya wanaingia."

"Umefanya vizuri."

"Na kiwanda?"

"Tumekizika."

Adamu alimtazama, akaona si mzaha. "Na Stara?"

Mwamvua alivuta kamba. Alitembea hatua kadhaa, na Adamu aliona midomo yake ikichezacheza, kama anayejaribu maneno kabla ya kuyatumia.

"Kile chumba cha mahindi," alisema mwishowe, "kitoe mahindi. Weka kitanda. Dereva wa lori la ng'ombe akipita Jumanne mwambie anifikishie neno Nkuhungu: majike wanazaa karibuni, na mimi mikono ni miwili tu."

"Atakuja?"

"Sijui," Mwamvua alisema. "Toa mahindi."